Mgeni Yu Hodini

Ijumaa, tarehe 12 Desemba

Tangazo limebandikwa leo ubaoni, kando ya mlango wa bwalo. Nalinakili pamoja na dhambi zake: “Jumanne tarehe 23 tutafunga mwaka. Kila mtu ashiriki wimbo wake wa Krismasi, au kipindi cha Krismasi anachokipenda.”

Ashiriki! Nilisimama mbele ya ubao ule mpaka chai ikapoa mkononi. Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo. Mtu hushiriki mazishi, hushiriki karamu, hushiriki lawama. Anayewapa wenzake fungu la alicho nacho huwashirikisha. Tofauti ni silabi moja. Lakini anayedharau silabi leo, kesho atadharau neno, na keshokutwa mtamkuta anaoa bila kuposa. Nimetoa kalamu nyekundu nikasahihisha hapo hapo. Kiwanda cha uchapaji chenye tangazo bovu ni kama daktari wa meno mwenye mapengo.

Kabla ya saa sita nikaitwa na Bi Meneja. Akasema kwamba kwa kuwa mimi Mzee Nukta najua sana (ndilo jina nililopachikwa hapa, nashuku mfunga vitabu), basi shughuli yote ni yangu. Nikusanye majina ya nyimbo, nipange ratiba, nisimamie vipaza sauti. Alidhani ananiadhibu. Nilikubali kwa uso mkavu. Moyoni, ushindi!

Maana nina jambo langu. Niliandike bayana, kwa kuwa shajara haina msomaji. Binti yangu ni mpanga kurasa wa kiwanda hiki hiki. Yeye yuko ghorofa ya chini, mimi nasahihisha prufu, kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, ghorofa ya juu. Tangu Krismasi iliyopita hajakanyaga nyumbani. Nataka tarehe 25 akae mezani petu ale. Hilo tu. Sioni kwa nini liwe gumu.


Jumamosi, tarehe 13 Desemba

Nyumbani. Nimefagia. Kwa ajili ya usahihi wa kumbukumbu, chanzo cha mambo ni hiki.

Mke wangu alifariki Agosti ya mwaka jana. Miaka ishirini na miwili kabla ya hapo aliweka kinasa sauti kwenye meza ya jikoni, mbele ya redio, akarekodi kipindi maalumu cha Krismasi: kwaya, na mchezo mfupi kuhusu mwenye nyumba ya wageni aliyekataa kufungua. Tangu hapo kaseti hiyo ilichezwa kila Krismasi. Ni rekodi mbovu kuliko zote nilizowahi kusikia. Mwiko unagonga sufuria. Yeye mwenyewe anaimba juu ya kwaya. Na anaimba makosa! Kwaya inasema, kwa ufasaha kabisa, “Mgeni yu horini, fungueni milango.” Hori: chombo cha kulishia ng'ombe. Yeye anaimba, “Mgeni yu hodini.” Hodini! Hakuna mahali panapoitwa hodi. Binti alikuwa na miaka sita; akarithi kosa hilo pamoja na pua ya mama yake.

Krismasi iliyopita, ya kwanza bila marehemu, binti aliiweka kaseti. Kwenye ubeti wa pili nilibonyeza kitufe, nikausimamisha wimbo, nikaeleza. Kwa upole. Kwa dakika kama kumi hivi. Akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado, limebaki suala la ngeli. Akainuka, akachukua mkoba wake. Pale mlangoni akasema kwamba hori halina mlango, Baba. Anayefunguliwa mlango ni anayepiga hodi. Hoja dhaifu. Nyimbo za dini huchanganya taswira. Nilimwambia hivyo, ila mlango ulikuwa umeshafungwa.

Alipanga chumba mtaa wa nyuma ya kiwanda. Siku hizi tunazungumza katika pambizo za prufu. Mimi kwa wino mwekundu: “Mstari wa 14, mkato.” Yeye kwa penseli: “Umetiwa.” Asipokubali sahihisho langu hutia vidoti chini ya neno, alama ya kazi yetu inayosema: liachwe lilivyo. Mwezi Mei niliandika pambizoni: “Hujambo?” Ikarudi ikiwa na vidoti chini yake. Hadi leo sijaweza kuifasiri.


Jumatatu, tarehe 15 Desemba

Nimegawa fomu. Safu saba: jina la wimbo, mtunzi, mwaka, urefu kwa dakika, sababu ya kuupenda kwa maneno yasiyozidi ishirini, sahihi, tarehe. Watu hawathamini utaratibu. Bi Meneja kajaza safu moja. Dereva hajui wimbo wake unaitwaje. Alinifuata hadi ghorofani akaniimbia puani. Nikaandika: “Wimbo wa dereva, haujulikani, wa puani.”

Mfunga vitabu hakujaza kabisa. Huyu ndiye Gundi. Mikono yake imekauka gundi tangu ujana, na kicheko chake husikika hadi kwenye mashine za kukatia karatasi. Yeye anapenda kipindi cha vichekesho cha runinga ambamo mzee mgawa zawadi za Krismasi, mwenye koti lake jekundu, ananasa dirishani, na familia nzima inaketi kula chini ya miguu yake. Badala ya kuandika, akakiigiza. Bwaloni! Wakati wa chakula! Alipanda juu ya benchi, akachomoza miguu. Wote hoi. Binti yangu alicheka mpaka akashika ubavu. Hula meza moja na huyo bwana kila mchana, na humwita Mjomba. Nilimkumbusha Gundi kwamba yeye si ndugu wa marehemu. Akanijibu kwamba anajua, Mzee Nukta, ila undugu ni kufaana. Methali! Mtu akiishiwa hoja hukimbilia methali.

Fomu ya binti imeniletea mapigo ya moyo. Jina la wimbo: “Ule wa Mama.” Mtunzi: patupu. Sababu: “Unaijua.” Na chini kabisa kwa penseli: “Ila kaseti unayo wewe.”

Basi! Ufunguo niko nao mimi, na mwenye kufuli amekiri. Nitaucheza wimbo ule mbele ya kiwanda kizima. Ila si katika hali ile ya aibu. Nitamkabidhi ukiwa umesahihishwa. Atauona wema wangu kwa masikio yake mwenyewe.


Jumanne, tarehe 16 Desemba

Nimetoka kazini mapema, nikaenda kwa fundi wa redio. Duka lake ni jembamba kama rafu. Mteja mmoja akiingia, mwingine hana budi kutoka. Nilimpa kaseti na maelekezo ya kurasa mbili. Waya wake wa kupimia akautumia kushikilia ukurasa wa pili usipeperuke.

Aliisikiliza kaseti yote, kichwa kimeinama. Kisha akasema huyu mama anaimba vizuri, mzee, ana kosa gani? Nikamwelekeza kwenye aya ya tatu. Akasoma, akakuna kidevu. Akasema kwamba kompyuta yake inaweza kumtenga: kwaya upande huu, mama upande ule, sufuria zote kwa mama. Ila akataka kujua, akishamtoa, ampeleke wapi.

Nikamwambia kelele hazina pa kupelekwa. Zinaondolewa.

Akaandika jina langu kwenye kipande cha karatasi. Alikosea herufi mbili. Nilizisahihisha kabla sijatoka.


Alhamisi, tarehe 18 Desemba

Ratiba. Nimeupanga wimbo wa binti katikati, saa tisa kamili, masikio yakiwa bado mabichi. Kipindi cha Gundi nimekiweka mwisho kabisa, saa kumi na nusu, ambapo kwa uzoefu wangu watu huwa wanatafuta mikoba. Uamuzi wa kitaaluma tu.

Gundi ameiona ratiba. Nilitarajia ugomvi, nilikuwa na majibu manne tayari. Hakugombana. Aliketi kwenye kona ya meza yangu, juu ya prufu ya kalenda ya mwaka ujao, Machi na Aprili, akauliza iko wapi kaseti ya marehemu shemeji. Nikamwambia iko kwa fundi, inasafishwa. Akanyamaza. Kwake hiyo ni ishara ya homa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Mzee, kitu kile si cha kutembezwa. Kile ungekaa nacho kama yai.”

Kijicho, dhahiri. Anaona atapokonywa cheo cha ujomba. Nimemwomba aondoke juu ya Aprili.


Ijumaa, tarehe 19 Desemba

Kazi imekamilika. Fundi amenipa flashi mbili nyeusi zinazofanana kama pacha. Moja ameibandika karatasi: WIMBO. Ya pili: KELELE. Nikamuuliza ya pili ni ya nini, nami niliagiza ziondolewe. Akasema, “Mimi hufuta vumbi, mzee. Mtu simfuti.”

Akaongeza habari nyingine. Utepe wa kaseti ulikuwa umekauka kama ganda la kitunguu. Ulipofika mwisho ulikatika, na alipojaribu kuuunga ukamong'onyoka. Amenirudishia makombo ndani ya bahasha. Aliomba radhi mara mbili. Nilimwambia hakuna hasara, maana kilichokuwa na thamani kiko kwenye WIMBO.

Nimeusikiliza jikoni. Mara tatu. Safi! Kwaya tupu, kila irabu mahali pake. Hakuna mwiko. Hakuna sufuria. “Mgeni yu horini,” wazi kabisa. Ulipokwisha nilibaki nimeketi. Sikuwa nimejua kwamba jiko letu lina ukimya mwingi kiasi hiki. Jambo la kuchunguzwa. Huenda ni dari.

KELELE sikuisikiliza. Sikuwa na sababu.

Kabla ya kulala niligundua kwamba fundi aliandika WIMBO kwa herufi zisizolingana kimo. Nisingeweza kusimama nayo hadharani. Nimebandua karatasi zote mbili, nikaandika mpya kwa rula, za kupendeza, nikabandika.


Jumatatu, tarehe 22 Desemba

Siku nyeusi.

Bi Meneja alituita wawili, mimi na binti. Mezani kwake kulikuwa na kalenda ya mwaka ujao, ambayo nakala elfu mbili zimeshachapwa. Alifungua Desemba. Akasema nihesabu. Nikahesabu: 23, 24, 26. Nikarudia. 24, 26. Chini ya 26, neno Krismasi.

Naikumbuka prufu hiyo. Ilikuja Jumanne ileile ya fundi. Neno lilikuwa limepigwa “Krismas”. Niliiona irabu iliyopotea, nikaitia, nikafurahi. Siku yenyewe sikuiona. Miaka thelathini na mmoja, na kosa la kwanza ni hilo! Nimepitisha mwaka usio na Krismasi, ila una tahajia sahihi.

Kabla sijasema neno, binti akasema kwamba kosa ni lao wawili, yeye na Baba, na lawama waigawane. Alisema “Baba” kwa mdomo, si kwa penseli. Mara ya kwanza mwaka huu. Pale varandani nilimshukuru, nikamweleza pia kwamba, kwa usahihi, kosa lilianzia kwenye ukurasa wake. Mimi nililipitisha tu, jambo ambalo kitaaluma ni daraja la pili. Akasema, “Sawa, Baba. La kwanza langu.”

Adhabu: kubandika vipande vidogo vya 25 juu ya nakala zote, vidogo kama ukucha, kwa mkono. Gundi alitupangia meza. Tuliketi bega kwa bega kwa saa tatu, mimi nachukua kipande, yeye anabandika, Gundi anapitisha gundi na mzaha. Alisema haijawahi kutokea Krismasi ikaletwa na watu watatu wenye vidole vichafu hivi. Binti akacheka. Mimi pia nilitoa sauti fulani.

Ilipokaribia saa kumi, bila kujijua, binti akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Ule ule. Mkono wake unabandika, midomo inatembea. Sikuthubutu kupumua. Akafika kwenye ubeti wa pili. “Mgeni yu hodini...”

Nikasema, “Horini.”

Lilinitoka tu, kama chafya. Hakuimba tena. Tulibandika nakala mia sita zilizobaki kimyakimya. Hata Gundi.

Si kitu. Kesho ataisikia iliyo sahihi, naye ataelewa.


Jumanne, tarehe 23 Desemba

Naandika kwa utaratibu, nisije nikaandika kwa hisia.

Bwalo lilijaa. Bi Meneja alichezesha kwaya yake ya watoto. Wawili kati yao walikuwa wakikohoa. Dereva alichezesha wimbo wake wa puani, ambao kumbe una maneno, na mazuri. Saa tisa kamili nikasimama. Nikatoa utangulizi mfupi juu ya tofauti ya kushiriki na kushirikisha (dakika sita). Nikasema kwamba wimbo ufuatao nawashirikisha wote, hasa mtu mmoja. Nikachomeka flashi yenye kibandiko changu: WIMBO.

Ikasikika sauti ya mwiko.

Kang, kang, kwenye sufuria, kutoka katika vipaza sauti viwili vikubwa. Kisha mwanamke akaanza kuimba peke yake, bila kwaya wala kinanda, kama aimbavyo mtu anayedhani yuko peke yake. Niliganda. Kumbe Ijumaa, katika kubandua na kubandika, nilizibadilishana!

Akaimba, “Mgeni yu hodini, fungueni milango.” Sauti ya mtoto ikauliza, “Mama, mgeni ni nani?” Mwiko ukasimama. Akajibu kwamba mgeni ni baba yako, mwanangu. Mtu wa kuitwa mara tatu nyumbani kwake mwenyewe. Kisha akapaza sauti: “Wewe bwana! Acha kuisahihisha redio, njoo ule! Kinapoa!”

Bwalo zima lilicheka. Halafu, sijui kwa nini, wote wakaacha kwa pamoja. Dereva akavua kofia. Bi Meneja akashusha kikombe taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Binti alikuwa amesimama karibu na Gundi, kiganja mdomoni, machozi yakipita kati ya vidole, na alikuwa akitabasamu. Sauti ikaendelea kuimba. Hakuna aliyetikisika.

Kosa la hadhara, na mimi ndiye msimamizi! Nilikurupuka, nikajikwaa kwenye waya, nikaichomoa. Kimya. Nikawaomba radhi waliohudhuria kwa hitilafu hiyo ya kiufundi. Nikachomeka ya pili, na wimbo safi ukachezwa kikamilifu, dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Sikuona aliyesikiliza. Watu walikuwa wanatazama viatu vyao.

Binti alikuja mezani. Aliichukua ile ya kwanza. Akauliza kaseti iko wapi. Nikamwambia utepe ulimong'onyoka. Akauliza, kwa hiyo Mama amebaki humu tu? Nikamjulisha kwamba lipo toleo jingine, bora kwa kila kigezo. Akaifumbata, akaelekea mlangoni. Nilimwita kwa sauti ili nimwarifu kwamba kibandiko chake si sahihi.

Hakugeuka.

Kipindi cha Gundi hakikuchezwa. Alisema hana hamu tena ya kucheka.


Jumatano, tarehe 24 Desemba

Ofisi zimefungwa saa sita. Nimenunua kuku, kisha nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyejua kumpika vile. Nimeweka sahani mbili mezani, kwa ulinganifu. Meza yenye sahani moja huonekana kama sentensi isiyo na kiima.

Saa kumi Gundi akapiga hodi. Hakuingia. Alikuwa na bahasha ya kiwanda, ya kupelekea prufu. Ndani, karatasi moja, penseli, mwandiko ninaoujua:

“Baba nina kelele za mama. Kesho saa saba njoo kwangu tushiriki chakula tuzisikilize pamoja”

Nilisoma nimesimama. Nikaketi, nikasoma tena. Tushiriki chakula! Ni sahihi! Chakula hushirikiwa, kila mmoja ana fungu lake mle mle. Katika jengo lote, mtu mmoja amelitumia neno hili inavyopasa, naye ni binti yangu. Sijui niliandika wapi mara ya mwisho kwamba nina furaha. Nina furaha.

Hata hivyo, mkato haumo baada ya “Baba”. “Mama” hapa ni jina la mtu mmoja tu, hivyo herufi kubwa. Saa saba, ya mchana au ya usiku? Na nukta ya mwisho hakuna. Sentensi imeachwa wazi kama mlango. Nimetia yote kwa wino mwekundu, nikaandika juu kama ilivyo desturi ya kazi: “Irudi prufu ya pili.” Nikamkabidhi Gundi.

Aliitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akasema, “Mzee wangu, hii ni barua ya kuitikiwa. Si ya kurudishwa.” Nikamweleza kwamba hakuna kitu kinachotoka kiwandani kwetu kwa prufu ya kwanza, tumeona juzi matokeo yake kwenye kalenda. Akashuka ngazi akitikisa kichwa.


Alhamisi, tarehe 25 Desemba

Saa tano. Nimenyoa. Nimevaa koti la kijivu na tai aliyoichagua marehemu. Viatu vilipigwa rangi tangu jana. Kinachongojewa ni prufu ya pili tu.

Saa saba kasorobo. Bado. Kutoka hapa hadi mlangoni kwake ni hatua mia nne na kumi. Nilizihesabu mwezi Machi, kwa sababu zisizohusiana na chochote.

Saa saba. Bado. Bila shaka anaandika upya kwa mwandiko mzuri.

Saa nane. Ili kupitisha muda nimeucheza wimbo ule safi. Kwenye ubeti wa pili nilijikuta naimba pamoja na kwaya, nami nikasema “hodini”. Nimejirekebisha papo hapo. Uchovu.

Saa tisa na robo. Hodi! Niliukimbilia mlango, nikaufungua kabla hajamaliza neno. Gundi. Mkononi sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na bahasha kwapani. Alisema walisubiri. Kiti changu kilikuwepo. Kelele zimesikilizwa mara nne, na kila marehemu alipofika pale pa kuniita, binti aliutazama mlango. Akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia sijapatwa na lolote, niko tayari tangu saa tano. Nangoja nakala safi. Akanitazama kama mtu aliyefungua kitabu alichokijalidi mwenyewe akakuta kurasa zote ziko kichwa chini. “Kimepoa,” akasema, akanipa sahani. Akaondoka bila mzaha wowote. Si kawaida yake.

Ndani ya bahasha, karatasi ileile ya jana. Hakuandika upya. Chini ya kila mahali niliposahihisha, vidoti. Liachwe lilivyo, liachwe lilivyo. Hata pale kwenye nukta. Na mwishoni, sentensi mpya kwa penseli:

“Baba mlango hatufungi mpaka saa kumi na moja”

Vidoti ni haki yake, siwezi kuvipinga. Lakini sentensi mpya haijawahi kupitiwa na mtu. Ni prufu ya kwanza. Niliisahihisha haraka, kwa moyo mwema, nikaandika “Irudi ya pili”, nikatoka hadi ngazini. Gundi ameshaondoka. Hakuna wa kuipeleka. Ningeipeleka mwenyewe, lakini msahihishaji hapeleki prufu kwa mkono wake. Ingeonekana anamshinikiza mpanga kurasa.

Nimekula nusu. Kimepoa kweli, ila ni mkono wa mama yake.

Saa kumi na moja na dakika mbili. Kwa kumbukumbu: “mlango hatufungi” ni mpangilio wa kishairi. Katika nathari husemwa “hatufungi mlango”. Sahihisho hilo ni la msingi, naamini atalikubali. Bahasha ataikuta mezani kwake Jumatatu tarehe 29, ofisi zikifunguliwa.